Shajara ya gitaa la besi: kuutengeneza mkono wa kulia kabla hoteli hazijafungua

Mwezi wa tano, mwanzo mwanzo

Nia ya huu mradi ni moja tu: nipige chakacha ya harusi, ile ngoma ya wanawake wa pwani, nusu saa nzima, ile isiyosimama, bila mkono wa kulia kuwaka moto hapo chini ya kiwiko na bila besi kuchechemea. Sio mbio, sio slapu (kuugonga uzi kwa dole gumba), slapu nawaachia vijana wenye nyuzi mpya. Ntakua naandika nikiendelea kwa hio usitegemee mpangilio, kuna siku ntaandika mengi na kuna siku ntaweka mistari miwili nikalale.

Hali ilivyo sasa hapa Malindi, hoteli nyingi zimefunga, masika inamwaga, bahari ni tope tupu la mto Sabaki, wageni hakuna, na sisi beni tunakutana kwa harusi moja moja tu za hapa mjini na za Mambrui. Mpaka mwezi wa saba kazi zianze kurudi nina nafasi. Na bila nafasi kama hii mpiga besi hafanyi mazoezi, tusidanganyane, anapiga kazini tu, na kazini mtu harekebishi kitu, anarudia yaleyale anayoyaweza mpaka tabia mbaya zinaota mizizi.

Vifaa: besi ya nyuzi nne, ya mkono wa pili, kipimo cha kawaida inchi 34 kutoka nati (pale nyuzi zinapoanzia shingoni) mpaka daraja (pale zinapofungwa mwilini), yani kama sentimita 86. Ampu ndogo ya nyumbani, ya kukuza sauti. Kale kadude ka betri ka kuchomekea hedifoni. Metronomu ya simu, ile inayopiga klik za kuhesabia mwendo. Kiti cha mbao kisicho na mikono, na hiki ni muhimu kuliko mtu anavyodhani, manake kiti chenye mikono kinaisukuma besi upande na kiwiko kinatafuta pa kukaa, na wewe huna habari.

Mwezi wa tano, kushoto

Nimeanza na kushoto ili niumalize haraka, kazi kubwa haiko huko.

Ukiuliza watu zoezi la besi kila mtu anakurushia buibui: freti (vile vyuma vinavyokatisha shingo) 1-2-3-4 uzi wa E ulio mnene kuliko yote, alafu A, D, G, alafu unarudi. Sawa, ni zuri la kupasha mikono moto. Ukibadilisha mfuatano wa vidole, 1-3-2-4, 1-4-2-3 na kadhalika, unapata mifuatano 24 kwa jumla, na kuna jamaa wanaipitia yote kila alfajiri kama uradi. Mimi nachukua ile michache inayokiweka kidole cha pete na cha mwisho vifuatane, manake hao wawili ndo hawataki kuachana, ukiinua mmoja mwenzake naye anainuka. Iliyobaki sioni inanisaidia nini, hakuna wimbo hata mmoja nilioupiga unaopanda freti nne mfululizo uzi kwa uzi.

Alafu kabla ya buibui chukua tepu ya fundi upime shingo ya gitaa lako. Langu kutoka freti ya 1 mpaka ya 4 ni sentimita 13. Kutoka ya 5 mpaka ya 8 ni 10 na kitu. Ukipita ya 12, nafasi ya freti moja haifiki hata sentimita mbili na nusu. Sasa mtu akikwambia kila freti na kidole chake kuanzia huko chini freti ya kwanza, huyo anakutafutia maradhi. Wapiga kontrabasi, ile besi kubwa ya kusimama, walishaumaliza huu ubishi zamani, kuna Franz Simandl, mwalimu wa Vienna aliyefariki 1912, yeye anafundisha kidole cha 1, cha 2 na cha 4, yani shahada, kati na cha mwisho, kile cha pete kinakaa pamoja na cha mwisho kukisaidia kukandamiza, mkono unafunika freti tatu badala ya nne. Mimi huko chini natumia hio, nikifika freti ya 5 naanza kuweka kidole kwa freti. Kuna wanaosema ni mtindo wa kizee. Wacha uwe wa kizee, kifundo cha mkono kiko wima na hakiniumi.

Zoezi ninalolipenda zaidi la kushoto halina hata muziki. Weka kidole uzi wa A freti ya 3, hapo ni C, lakini usikandamize, gusa tu. Piga kwa kulia, utasikia tup, mbao tupu. Ongeza uzito kidogo, piga. Ongeza tena, piga. Utafika mahali inanguruma vibaya, uzi unagongagonga chuma, ongeza kidogo sana na hapo inatoka C safi. Simama hapohapo. Huo ndo uzito wote inaoutaka, kila kilichozidi ni jasho la bure na ndo kinachokuchosha mkono saa tano usiku. Alafu kidole kikae nyuma tu ya chuma cha freti, kisikae katikati ya nafasi, ukikaa katikati unadaiwa nguvu zaidi kwa nota ileile. Ukishazoea toa dole gumba kabisa nyuma ya shingo upige hivohivo, besi ikishikiliwa na kiwiko cha kulia. Kama nota haitoki bila dole gumba, basi ulikua unabana kama koleo. (Hii ya dole gumba fanya dakika moja tu, sio zoezi la kushinda nalo.)

Mwezi wa tano mwishoni, kulia

Hapa ndo penye kazi yenyewe.

Chakacha iko sita kwa nane, yani kila duru unahesabu sita. Tuseme unapiga nota zote sita sawasawa kwa vidole viwili, cha shahada naandika S na cha kati naandika K. Inatoka S-K-S, K-S-K. Angalia vizuri hapo: pigo la 1 linaangukia S, pigo la 4 linaangukia K, kila duru, usiku kucha. Na hayo mawili ndo mapigo makubwa, ndo mguu wa mchezaji unapokanyaga. Kwa hio S na K visipolingana nguvu, hata kwa kitu kidogo, mwendo wote unachechemea na wewe uliyepiga husikii, unasikia tu dramu anakukodolea macho.

Kwenye nne kwa nne hili halijitokezi, manake ukipiga nota mbili mbili kwa pigo kila pigo linaangukia S, K anakaa katikati huko hakuna anayemhesabu. Ndo maana mtu anaweza kupiga rumba na rege miaka akasifiwa, siku anaingia chakacha watu wanakunja uso na hakuna anayejua kwa nini. Mimi naamini nusu ya wapiga besi wa pwani wanaoambiwa "huna mwendo" wana mwendo, walichonacho ni kidole cha kati kinene.

Nimejirekodi nikasikiliza kwa hedifoni. K changu kinatoa sauti kubwa zaidi na kinachelewa unywele. Sababu ni ya kimwili tu, K ni kirefu kwa hio kinazama ndani ya uzi kuliko mwenzake, kinachukua muda zaidi kuuachia na kinauachia kwa nguvu. Dawa yake ni kuugeuza mkono kidogo, ncha zote mbili ziguse uzi kwenye mstari mmoja, na K kijikunje zaidi kwenye kiungo cha katikati. Ukiangalia kutoka juu utaona vidole vinaonekana vina urefu mmoja.

Ninachofanya sasa:

Uzi wa E wazi, kushoto hakufanyi kitu zaidi ya kulaza mkono juu ya nyuzi zingine. Metronomu klik 60 kwa dakika, nota tatu kwa kila klik. Dakika kadhaa S peke yake. Dakika kadhaa K peke yake. Alafu kupishana. Alafu kupishana lakini naanza na K, na hapa ndo unajua mbivu na mbichi, manake ukianza na K ile hitilafu inahama mahali na unaisikia kama imepigwa na mtu mwingine. Nikishaweza kusikiliza rekodi nisijue nimeanza na kidole gani, napandisha klik kidogo. Kidogo yani kidogo, hatua ya 4, sio 20.

Nikimaliza hapo nahamisha mkazo. Nota tatu kwa klik, mkazo wa kwanza: TA-ka-ta. Alafu wa pili: ta-KA-ta. Alafu wa tatu. Huu wa pili ni mgumu vibaya, mwili unataka kuugeuza uwe wa kwanza na ghafla klik inaonekana imehama. Haijahama.

Kuna aliyeniambia niongeze kidole cha tatu, cha pete, kwa kuwa sita inagawanyika kwa tatu kila pigo kubwa litaangukia kidole kimoja na mambo yameisha. Hesabu ni kweli. Billy Sheehan, mpiga besi wa Marekani, anapiga vidole vitatu na anatisha. Lakini cha pete changu kingetaka mwaka mzima kufikia hao wawili, na hesabu inakubali tu pale unapojaza nota zote, chakacha haijazi nota zote. Nimeiweka kando. Upande wa pili kuna James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, yeye alipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, wenzake wakakiita ndoano, na ukisikiliza hakuna nota iliyokosa uzito. Kwake hii shida ya kulinganisha haikuwepo kabisa. Kwa nyimbo za polepole nimeanza kumuiga na napendekeza, mistari ya pole pigeni kwa kidole kimoja, inatulia.

Mwezi wa sita, stima

Stima imepotea tangu jana jioni, mvua. Nimepiga bila ampu na nikagundua kitu kinachostahili kuandikwa. Bila ampu besi ya umeme haina tumbo la kutoa sauti, kwa hio ili ujisikie unaanza kuvuta kwa nguvu, na mkono unazoea hio nguvu. Ukirudi kwenye ampu unavuta vilevile, uzi unagonga freti, sauti inakuwa ya makelele na mkono unachoka mapema. Kwa hio yale mazoezi ya kimyakimya usiku ili jirani asigonge ukuta, ambayo sote tunafanya, ndo yanatuharibu. Afadhali hako kadude ka hedifoni, betri inakaa. Fungua sauti juu, vuta kidogo. Sauti iongezwe kwa kitasa, mkono ukae vilevile.

Mwezi wa sita, mzee wa vumi

Hapa mtaani kuna mzee aliyekuwa akipiga ngoma za chakacha, yani vumi, chapuo na msondo, vumi hasa, siku hizi mikono haimruhusu. Nlikua nimekaa barazani na simu nasikiliza rekodi za wiki, akapita akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unagonga mlango wa nani?"

Nikamwambia ni besi hio. Akaichukua simu akaiweka sikioni, akacheka. "Besi iko wapi hapa? Nasikia kucha."

Na ana haki. Uzi wa E wazi ni kama mitetemo 41 kwa sekunde, A ni 55, spika ya simu haina uwezo wa kuzitoa hizo, unachosikia ni zile sauti za juu za nota na kishindo cha kidole. Ukijirekodi ukasikiliza kwa spika ya simu utatengeneza vitu visivyo na shida na kuacha vyenye shida. Nikampa hedifoni. Akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, akavua.

"Unajaza sana. Chapuo itaongea saa ngapi? Vumi linasema, linanyamaza, chapuo inajibu, msondo uko juu yao. Wewe umekaa kwenye kiti cha vumi alafu unataka na cha chapuo."

Akanigongea kwenye baraza, mkono wa kushoto anapiga mbili, wa kulia tatu, ndani ya muda uleule. Ukihesabu sita, kushoto kunaangukia 1 na 4, kulia kunaangukia 1, 3 na 5. Mbili na tatu zinakwenda pamoja na wala hazigombani. Hio ndo chakacha yote iko hapo, na mpiga besi asiyeweza kuzisikia zote mbili kwa wakati mmoja anachagua upande mmoja na kulala nao.

Basi zoezi jipya, na nimelipa nafasi ya mbele kuliko yote: mguu wa kulia unakanyaga 1 na 4, besi inapiga 1, 3 na 5. Nota moja tu, A, uzi wa E freti ya 5. Polepole hata aibu. Alafu nabadilisha, mguu unakanyaga 1, 3, 5 na besi inapiga 1 na 4. Ukishaweza zote mbili jaribu kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kusimama. Mimi mguu unanifuata mkono kila nikihama, unadanganya nusu duru alafu unarudi.

Bado mwezi wa sita, vidole vifuate nini

Huu ubishi wa mimi na mimi. Mstari ninaoutumia kwa chakacha nyingi ni wa nota nne ndani ya sita: 1, 3, 4, 6. Wimbo ukiwa wa A, ni A kwenye 1, E ya juu kwenye 3, A tena kwenye 4, E kwenye 6. Sasa vidole. Ukipishana kwa nota, inakuwa S-K-S-K, kila pigo kubwa linaangukia S. Nzuri, shida yote ya mwezi uliopita imekwepwa. Lakini ukipishana kwa nafasi, yani vidole vinatembea sita zote hata pale pasipo na nota, 1 ni S, 3 ni S, 4 ni K, 6 ni K. Hio ya pili mkono hausimami, unaelea kwenye zile nafasi tupu na kidole kinagusa uzi bila uzi kulia, kwa hio muda unahesabiwa na mkono wenyewe.

Nimezipiga zote kwa klik na ninavyoona: ya kwanza ni safi mpaka pale mtu wa ridhimu anapokimbia, akikimbia na wewe unakimbia, manake hakuna kinachokushikilia kati ya 1 na 3. Ya pili ni nzito kujifunza lakini hata klik ikizimwa inasimama. Nimechagua ya pili. Na zile nafasi tupu, 2 na 5, ukitaka unaweza kuzipiga nota zilizokufa, kidole cha kushoto kimelala juu ya uzi bila kukandamiza, inatoka kama mchanga hivi, lakini baada ya yale maneno ya mzee naziweka chache sana.

Jambo dogo la kushuka nyuzi: ukitoka uzi wa D kwenda A, kidole kilichopiga D kinaangukia chenyewe juu ya A, basi kiache kipige na A, usikirudishe ili kupishana kwa lazima. Kupanda unapishana, kushuka unaburuta. Kwa mstari wa hapo juu, E iko uzi wa A freti ya 7 na A iko uzi wa E freti ya 5, yani kila ukirudi kwenye A unashuka uzi. Kwenye 3 na 4 hapo hupishani, S inaburutwa, na kwa hio S ndo inaangukia 4 tena badala ya K. Hapa mtindo wangu wa nafasi unavunjika na nimeuacha uvunjike, kwenye 6 K inapanda na kwenye 1 naruhusu S irudi. Mwenye jawabu zuri zaidi ya hilo mimi niko tayari kulisikia.

Mwezi wa sita, kuzima

Fanya hili jaribio. Piga A kwenye uzi wa G freti ya 2, kwa nguvu, alafu uzime uzi wa G. Utasikia A bado inalia. Ni uzi wa A wazi, hujaugusa, umeamshwa tu kwa kuwa nota uliyopiga ni ileile A ya juu yake, mitetemo 110 dhidi ya 55. Sasa fikiria spika kubwa za harusi na nyuzi tatu zinazojilia zenyewe nyuma ya kila nota. Ule mvumo ambao fundi mitambo anausingizia ampu, mara nyingi ni huo.

Kulia nimehamia kwenye dole gumba linalotembea. Zamani nlikua nalikalisha juu ya pikapu (kile kinachonasa sauti chini ya nyuzi) na linakaa hapo kama limelipiwa kodi. Sasa nikipiga A dole gumba limelala juu ya E, nikipiga D limelala juu ya A na ubavu wake unagusa E, nikipiga G cha pete nacho kinashuka kukaa juu ya D. Wiki ya kwanza ni fujo. Zoezi: nyuzi wazi, nota moja kila uzi, E A D G G D A E, na baada ya kila nota kimya cha urefu uleule wa nota. Kimya kiwe kimya. Ukisikia hata kavumo rudia.

Na kushoto kuzima ni kulegeza tu bila kuinua kidole kwenye uzi. Ukiinua, uzi wazi unalia. Hakuna la kuongeza hapo.

Chumvi

Fupi. Nyuzi hapa pwani haziishi, hewa ya chumvi inazila, wiki chache tu zinashika kutu hasa pale mkono wa jasho unapokaa. Nafuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, chini ya uzi pia sio juu tu, na besi hailali ukutani upande wa bahari. Nimehamia nyuzi bapa zilizo laini, sauti ni ya giza zaidi na kwa chakacha na taarab inakaa vizuri, na vidole haviungui. Shingo nayo ilikua imejipinda mbele kwa huu unyevu, ukikandamiza freti ya 1 na ya mwisho pamoja nafasi ya katikati ilikua inapita kadi mbili. Nimekaza kile chuma cha ndani robo duru, nikasubiri siku, nikakaza tena kidogo. Nyuzi zimeshuka na ule uzito wa kukandamiza nlioueleza juu umepungua nusu bila zoezi lolote. Kwa hio nasema hivi, kabla hujalaumu mkono peleka gitaa kwa fundi.

Mwezi wa sita mwishoni, harusi Mambrui

Usiku wa wanawake. Sisi beni tumewekwa nyuma ya turubai, hatuoni wachezaji, tunawasikia tu, vigelegele na miguu. Hio kwangu ilikua nzuri kuliko klik yoyote, manake miguu mia ikikanyaga pamoja unajua kabisa 1 iko wapi na 4 iko wapi, na ukichechemea inasikika miguu inatawanyika.

Chakacha ya mwisho ilikwenda, ikaenda, bi harusi akatolewa, ikarudi tena. Mkono haukuwaka. Ulichoka, ndio, lakini kule kuungua chini ya kiwiko hakukuja, na naona sababu kubwa ni nguvu ya kuvuta kupungua, wala sio hizo klik. Tuliposimama akaja shangazi mmoja, yule anayeanzishaga nyimbo, akafunua turubai kidogo.

"Nyie vijana leo nani kapiga hilo dude zito?"

Nikainua mkono. "Mimi shangazi."

"Basi mwanangu usitukimbize pale tunapogeuka. Kwengine kote sawa, tukigeuka unatukimbiza."

Nimerudi nyumbani nikasikiliza rekodi na yuko sahihi. Pale wimbo unapohama kutoka A kwenda D nafika mapema. Mkono wa kulia uko sawa, ni kushoto kunakoruka, kunaondoka kwenye A kabla nota haijaisha ili kuwahi D, na kulia kunafuata. Kwa hio ule mkono nliosema naumaliza haraka umerudi mezani.

Mwezi wa saba

Zoezi la kuhama: 6 ya mwisho kabla ya kuhama niishikilie mpaka muda wake uishe kabisa, nihame ndani ya 1 yenyewe. Ili isiwe mbali, D naichukua uzi wa A freti ya 5, juu tu ya A ya uzi wa E freti ya 5, kidole kilekile kinalala chini, hakuna kuruka. Nlikua naipiga uzi wa E freti ya 10 kwa kuwa sauti yake ni nene. Unene nitautafuta kwa kuvuta karibu na shingo.

Metronomu nayo nimeipunguza. Badala ya klik kwenye 1 na 4 imebaki kwenye 4 peke yake, alafu klik moja kila duru mbili, sasa iko moja kila duru nne na zinazobaki nazihesabu mimi. Kwenye A peke yake inakubali. Nikiweka kuhama kwenda D narudi kwenye klik nikiwa mbele kidogo, sio kila mara lakini inatosha shangazi kusikia.

Hoteli moja imeshapiga simu, wanataka Ijumaa, na wanataka zaidi bango, ile ya kina Mzee Ngala wa Freretown kule Mombasa, saksafoni mbele na sisi nyuma taratibu. Bango ni mwendo mwingine, huko kidole kimoja cha Jamerson kitafanya kazi na kushuka nyuzi kwa kuburuta kupo kwingi. Mazoezi ya beni ni Alhamisi baada ya laasiri, chakacha nimewaomba tuifanye mwisho, na dramu asinipe ishara pale pa kugeuka.